Tuta la Adventina

Nilimkuta binti yangu Anitha amepiga magoti kwenye shina la mgomba, asubuhi umande haujakauka, sketi ya shule ameikunja kiunoni isichafuke, anachota udongo kwa mikono na kuujaza kwenye ndoo yangu ndogo ya kunawia. Hakunisikia. Alikuwa anachakura kama kuku mwenye vifaranga, na mizizi ya mgomba ilishaanza kuonekana. Nikamwuliza anafanya nini. Akaruka. "Shikamoo mama." Nikamwambia sijauliza shikamoo, nimeuliza anafanya nini. Akasema mwalimu ametaka kila mtoto wa darasa la nne alete ndoo ya samadi kwa ajili ya bustani ya shule, asiye nayo asiingie darasani, na jana tayari yeye na wenzake watatu wameshinda nje wakisikiliza somo dirishani. Sisi ng'ombe hatuna. Nikamwuliza nani kamfundisha kuchota hapa. Akajipangusa mikono kwenye magoti, akasema, "Nimefikiria mwenyewe, mama. Ni mweusi. Mwalimu hatajua."

Mwalimu hatajua. Maneno hayo ni yangu. Niliyasema mimi nikiwa kidato cha pili, nikamwambia msichana mmoja, na sikuwahi kumsimulia mwanangu wala mume wangu wala padri. Sijui yalifikaje mdomoni mwa mtoto wa miaka kumi. Labda hayakusafiri popote. Labda ukimbana mtoto kwenye kona ileile, atatoka na maneno yaleyale. Kitu kilikatika ndani yangu. Nilibeba ile ndoo ilivyo, nikamshika mtoto mkono, nikapanda mlima hadi shuleni na mabuti yangu ya shambani na kitenge nilicholalia.

Mwalimu mkuu alikuwa anakunywa chai. Nilimsalimu kwa sababu nimelelewa, kisha nikaweka ndoo juu ya meza yake, kando ya kikombe. "Mama Anitha, hii nini?" Nikasema ni kibanja changu, mmekitaka, nimekileta. Akacheka, akawaangalia walimu wenzake ili nao wacheke. Akaniambia hii ni elimu ya kujitegemea, watoto watakula mboga, na "mbona wewe mwenyewe ulipokuwa sekondari mlilima bustani na hukufa?" Nikamwambia ni kweli, mimi sikufa. Akasema basi mtoto arudi akiwa na samadi, na huu udongo niutoe mezani. Nikautoa. Tukateremka tena mlima, Anitha analia bila sauti. Tangu siku ile hajaingia darasani, na huu ndio mwaka wake wa mtihani wa darasa la nne.

Nataka kuusema ule mwaka wa bustani yetu, kwa sababu kila anayeusema huusema vibaya. Walimu husema tulijifunza kazi. Tuliosoma pamoja, tukikutana misibani, husema tulikuwa tunafurahi. Tulifurahi, ndiyo. Hicho ndicho kinachoniumiza zaidi.

Sekondari yetu ya kata, upande wa Nyakakika, ilijengwa kwenye rweya. Kwa aliye mbali nieleze: rweya ni ile nyika ya majani iliyo nje ya vibanja, ambako watu huchunga na kukata majani ya kutandaza migombani, na mama zetu hupanda njugu mawe msimu mmoja kisha wanaiacha ipumzike miaka. Haizai mboga. Udongo mweusi uko kwenye kibanja, shamba la migomba linaloizunguka nyumba, na haukuwepo pale kwa bahati, ulipikwa. Majivu, maganda ya ndizi, makapi ya kahawa, samadi, majani, mwaka baada ya mwaka, babu hadi mjukuu, na babu mwenyewe akifa anazikwa humohumo. Kwetu unaweza kumpa jirani mkungu mzima wa ndizi, ukampa nguo na kitanda cha mgonjwa. Samadi haivuki mpaka wa kibanja. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Tulizaliwa tukaikuta.

Mwalimu wetu wa kilimo hakuijua. Alikuja kutoka mkoa wa mbali, kijana, mikono ya shati imekunjwa muda wote, na alipenda matuta kuliko alivyopenda mshahara, tukambandika jina la Mwalimu Tuta. Ningependa kumchukia, ila nashindwa. Alilima pamoja na sisi, alikula maharage yetu yenye mawe, na alipomwona msichana ana malengelenge alimpokonya jembe akamaliza mstari wake. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule nilikuwa nafagia baraza la ofisi, nikamsikia mkuu wa shule ndani akimwambia, "Wageni wanakuja mwezi wa tano. Utawaonyesha nini, majani?" Mwalimu Tuta akasema ardhi ya huku imekufa, inataka samadi. "Basi walete." "Na asiye na ng'ombe, mkuu?" Nikasikia kijiko kinagonga kikombe, kinakoroga sukari taratibu. "Ana majirani." Wakacheka wote wawili. Nami nikacheka huko nje na ufagio wangu, kwa sababu kwetu kulikuwa na ng'ombe wawili.

Kesho yake ilitangazwa mstarini: ndoo moja ya samadi kila Jumatatu, kila mwanafunzi, na ambaye hana atachota maji bondeni vipindi vyote vya asubuhi. Adventina aliyekuwa anakaa na mimi dawati moja akanong'ona, "Basi mimi nitakuwa samaki." Baba yake alishafariki, mama alirudi kwao Kyerwa, naye alikuwa kwa baba yake mkubwa, kwenye kibanja kikubwa chenye mbuzi mmoja. Baba mkubwa aliposikia habari ya samadi alisema mbuzi wake hajaajiriwa na serikali. Kwa hiyo wiki ya kwanza Adventina alichota maji. Ya pili, maji. Kutoka bondeni hadi shuleni ni mlima mtupu. Alikuwa anaingia darasani saa tano na sketi imelowa, ananakili notisi zangu za hesabu, nami namsogezea daftari bila kuacha kumsikiliza mwalimu. Alikuwa ananizidi akili. Naliandika hili bila aibu, yeye ndiye aliyekuwa ananieleza sehemu za hesabu nilizozikimbia.

Jioni moja nilimwomba mama ampe Adventina ndoo moja ya samadi yetu. Moja tu. Mama alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa. "Mwambie aje ale. Mwambie aje alale. Samadi haigawiwi, Jovitha, unataka kibanja cha baba yako kikauke?" Siku iliyofuata tulikuwa stoo ya majembe, mahali tulipopenda kulia chakula mvua ikinyesha. Chumba kidogo, harufu ya magunia na kutu, tumekalia mbolea ya chumvichumvi iliyokwisha kuganda kama jiwe. Mpishi wetu, Mama Koku, alikuwa anapakua makande pale mlangoni na kelele zake: "Kuleni, waitu, kuleni wanangu! Kabichi inakuja. Tangu Januari inakuja, sijui imepanda gari gani!" Tulicheka mpaka mahindi yakatutoka puani. Na katikati ya kicheko hicho ndipo nilipomwambia Adventina achote udongo wa chini ya migomba yao. Ni mweusi, nikasema. Mwalimu hatajua.

Hakujua. Mtu yeyote wa kwetu, hata mtoto, angeushika na kusema huu ni udongo wa kibanja. Mwalimu Tuta aliushika, akaunusa, akafumba macho. Akaita darasa zima. "Njooni mwone! Hii ndiyo samadi iliyoiva. Adventina, kwenu mnaiozesha kitaalamu." Akampa tuta la peke yake, la mbele kabisa, karibu na bendera, na kibao chenye jina lake. Mstarini akampigia makofi, tukampigia wote. Nilimwona Adventina akiangalia viatu vyake huku anatabasamu, tabasamu ambalo sikuwahi kumwona nalo na sijaliona tena. Kisha mwalimu akasema, kwa kuwa yake ni nzuri hivi, awe analeta ndoo mbili.

Akawa analeta mbili. Februari, Machi, mpaka mvua zikakolea. Nilikwenda kwao Jumapili moja baada ya misa, tukachoma ndizi jikoni kwa mama yake mkubwa, lile jiko la giza ambamo unamwona mtu meno tu. Baba mkubwa aliniita uani, akanipa kahawa ya kutafuna kama mgeni mzima, punje chache kiganjani. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache. Akanionyesha kwa fimbo kaburi la baba yake katikati ya migomba, akasema, "Kibanja hiki kinanijua jina." Nikamjibu ndiyo, baba. Kutoka nilipoketi nilikuwa naiona migomba ya upande wa bondeni, imetandazwa majani mabichi kwenye mashina, mengi mno, kama mtu aliyejifunika blanketi mpaka kichwani. Nilijua ni nani aliyeyatandaza, na nilijua yanaficha nini. Nikaitafuna kahawa yangu. Nilikuwa na miaka kumi na tano na nilijiona mwerevu.

Wageni walikuja mwezi wa tano kama walivyosema, kwa gari mbili. Tulipangwa kando ya matuta kwa urefu. Walipiga picha kwenye tuta la Adventina kwa sababu kabichi zake ndizo zilizokuwa kabichi. Nyingine zilikuwa kama masikio ya sungura. Mgeni mmoja mama alimwuliza siri ya mafanikio yake, naye akajibu alivyofundishwa: bidii. Wakakatiwa kabichi kubwa kumi, zikatiwa kwenye buti ya gari. Mama Koku alikuwa amesimama na mwiko wake mlangoni mwa jiko, akasema kwa sauti ya kunong'ona iliyosikika mpaka kwa kidato cha nne, "Kumbe ilikuwa inangoja gari la kuondokea."

Siku nne baadaye ulikuja upepo na mvua ya mawe mchana. Migomba ya watu ilitetemeka ikabaki. Ya kina Adventina, ile ya upande wa bondeni, ililala chini yote, mmoja baada ya mwingine, na mikungu michanga, mizizi ikiwa juu. Baba mkubwa alifunua majani yaliyotandazwa. Asubuhi yake alikuwa shuleni.

Hakupiga kelele. Watu wakisimulia husema alikuja na panga. Ni uongo, alikuja na koti lake la kanisani. Tulikuwa bustanini, kipindi cha kazi. Mwalimu Tuta alimkimbilia mikono miwili mbele: "Mzee, shikamoo! Karibu uone, huyu binti yako ndiye mwanafunzi wangu bora." Mzee hakuitikia. Kwetu kutoitikia shikamoo ni jambo zito. Aliinama kwenye tuta la Adventina, akachota udongo, akaufikicha. Ndani mlikuwa na makapi ya kahawa, na kigae cha mtungi kama ukubwa wa kidole. Alikiangalia kile kigae, akakitia mfukoni mwa koti, kama mtu aliyeokota funguo zake. Akasema, "Huu ni udongo wa baba yangu."

Mwalimu Tuta aligeuka rangi. Nadhani ndipo alipoelewa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Adventina, nani alikushauri hivi?" Adventina aliniangalia. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake na jembe mkononi. Niliangalia kabichi, naikumbuka mpaka leo, ilikuwa na tone la maji katikati. Nikamsikia anasema, "Nilifikiria mwenyewe, mwalimu."

Mkuu wa shule alikuwa ameshafika. Mzee akamwambia hataki ugomvi, anataka udongo wake urudi, atakuja na watu na machela waubebe. Mkuu akasema mzee, kilichokwisha kuingia shuleni ni mali ya serikali. Mzee akafikiri. Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama aliyeelezwa bei akaona ni haki. "Sawa, mkuu. Basi na mimi changu nakitoa." Akamshika Adventina kifundo cha mkono, wakaondoka kwa njia ya chini. Adventina alikuwa bado ameshika kopo la kumwagilia. Alikumbuka walipofika mahali njia inapokuwa nyembamba, akaliweka chini kwa uangalifu, maji yasimwagike.

Mwalimu wa darasa aliendelea kuliita jina lake mpaka Juni. Kila asubuhi ukimya mfupi, kisha jina langu. Tulipofungua shule Julai likawa limepigwa mstari kwa rula. Mwalimu Tuta alikwenda kwa mzee mara mbili, najua kwa kuwa nilimwona akirudi na suruali imejaa tope, baadaye akahamishwa. Na mimi ninaloliona aibu kuliko yote ni dogo. Wiki ya kufunga shule, Mama Koku alikata zile kabichi zilizobaki za tuta la mbele, akazitia kwenye maharage na kitunguu na mafuta. Zilikuwa tamu. Nilikaa stoo ya majembe peke yangu nikala, kisha nikapeleka sahani kuomba nyongeza.

Baada ya yule mwalimu mkuu kuniondoa na ndoo yangu, nilikwenda Omurushaka kumtafuta Adventina. Nilijua anauza karibu na stendi. Kwa miaka nimekuwa nikipita upande wa pili wa barabara. Alikuwa chini ya turubai, mbele yake kabichi zimepangwa kama mafiga. "Jovitha! Mawe, mama yangu, umenenepa!" Nikamwambia nina watoto wawili. "Mimi wanne, na bado naingia kwenye gauni la kipaimara." Akanipa kiti chake, akakalia kreti. Nikamsimulia ya Anitha, na mizizi, na yale maneno. Alikuwa anachambua majani makavu ya kabichi, moja moja. Nikasema nilipaswa kusema siku ile kwamba ni mimi niliyekuambia. "Najua ni wewe," akasema. "Nilikuwepo."

Mteja akaja, akaenda. Akaniambia kwamba baba mkubwa alimfanya aujaze upya ule upande wa bondeni, majani na majivu na mavi ya yule mbuzi mmoja, misimu minne. "Migomba ilirudi. Mimi sikurudi." Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayetaja njia ya kufika mahali. Kisha akacheka kidogo. "Unakumbuka nilivyopigiwa makofi mstarini? Shule nzima! Tangu siku ile hajatokea mwingine wa kunipigia." Ningempa nini mtu aliyeniambia hivyo? Nikatoa barua ya malalamiko kwa kata niliyokuwa nimeandika usiku uliopita na kumwuliza kama atanisainia ushahidi. Akaisoma yote, midomo inatembea, akarekebisha neno moja nililokosea. Akaifuta kalamu kwenye kanga ndipo akasaini.

Sina matumaini makubwa. Karani wa ofisi ya kata aliipokea, akaiweka juu ya nyingine zilizokuwa na vumbi, akauliza ndoo ya nini. Nikamwambia asome. Hii hapa, kama ilivyo:

Kwa Afisa Elimu Kata.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU WATOTO KUZUIWA DARASANI KWA KUKOSA SAMADI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa Anitha, darasa la nne. Mwanangu amezuiwa kuingia darasani kwa sababu nyumbani hatuna ng'ombe. Ili apate samadi amechimba udongo kwenye mashina ya migomba. Hakutumwa na mtu. Ametumwa na amri yenu.

Sipingi bustani. Napinga mtoto kulipia kiti cha darasani kwa udongo wa kwao. Wewe ni mtu wa hapa, unajua rweya na unajua kibanja, kwa hiyo sitakueleza.

Naomba Anitha na wenzake watatu warudishwe darasani kesho asubuhi, mtihani wao uko karibu. Naomba amri ya samadi ifutwe kwa maandishi, ibandikwe mahali wazazi wanapopita. Naomba pia iandikwe katika jalada lako kwamba jambo hili lilishatokea katika kata hii, kwamba mwanafunzi mmoja wa sekondari alitolewa shule kwa sababu hiyohiyo, na kwamba aliyemshauri achote udongo ni mimi niliyeandika barua hii. Hakufikiria mwenyewe.

Nimeambatanisha ndoo moja ya udongo kama kielelezo. Ndoo naihitaji nyumbani. Udongo usimwagwe bustanini. Nitaufuata siku nitakayopata jibu, niurudishe kwenye mgomba wake.

Mlalamikaji: Jovitha, mama Anitha.

Shahidi: Adventina, kidato cha pili, sikumaliza.